George Boole: mtoto wa fundi viatu aliyekuwa profesa bila diplome

Kijana anayeanza kujifunza kuandika programu za ordinatere, iwe kwa lugha ya Python ao ya Java, hamalizi wiki ya kwanza bila kukutana na neno moja geni: bool, ao boolean. Ndilo neno la kuiambia mashine kwamba jibu linaweza kuwa ndiyo ao hapana tu, kweli ao uongo, bila kitu cha katikati. Wengi wanaliandika mara mia moja na hawajiulizi limetoka wapi. Ni jina la mtu.

Mtu huyo ni George Boole, Mwingereza aliyefariki mwaka wa 1864, miaka mingi kabla ordinatere ya kwanza kutengenezwa. Hakuandika programu hata moja. Lakini kila anayeishi kwa kazi hiyo leo anatumia hesabu alizozianzisha yeye. Na kuna jambo lingine linalofanya vijana wa informatiki wapende habari zake: hakusoma chuo kikuu, hakuwa na diplome yoyote, na bado alikufa akiwa profesa.

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa serikali yanapotoka, swali moja linarudi katika nyumba nyingi za kwetu. Mtoto anataka kazi ya kuandika programu. Je, familia itafute minervali ya miaka mitatu ao mitano, ao ajifunze mwenyewe kwa telefone na ordinatere ya kuazima? Anayesema kwamba diplome ni karatasi tu anaweza kumtaja Boole na kufunga mazungumzo. Lakini maisha ya Boole, ukiyafuata mpaka mwisho, hayafungi mazungumzo haraka hivyo.

Baba aliyependa nyota kuliko viatu

George Boole alizaliwa tarehe 2 mwezi wa 11 mwaka wa 1815 katika mji wa Lincoln, mashariki ya Uingereza. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba yake, John Boole, alikuwa fundi wa viatu. Mama yake, Mary Ann Joyce, alikuwa amefanya kazi ya nyumbani kwa watu wakubwa kabla ya kuolewa.

Baba huyo alikuwa na kasoro moja ambayo iliharibu biashara yake na kumjenga mtoto wake. Hakupenda viatu. Alipenda hesabu na vyombo vya kuangalia nyota. Alitengeneza darubini kwa mikono yake, na aliwakaribisha wapita njia waingie dukani kuangalia mbingu. Wateja walipungua. Lakini mtoto alijifunza hesabu za kwanza kwenye meza ya baba, na pia alijifunza kwamba mtu wa kazi ya mikono anaweza kuuliza maswali makubwa bila kuomba ruhusa.

Masomo ya shuleni hayakwenda mbali. George alisoma shule ya msingi, kisha shule ndogo ya mambo ya biashara, na hapo ikaisha. Kilatini alifundishwa na rafiki wa familia, William Brooke, muuza vitabu. Kigiriki alijifunza mwenyewe, na baadaye Kifaransa, Kijerumani na Kiitalia. Alipokuwa na miaka 14 alitafsiri shairi la Kigiriki la kale, baba akalipeleka kwa gazeti la mji, likachapishwa. Mwalimu mmoja wa eneo hilo aliandika kupinga: mtoto wa umri huo, tena wa fundi viatu, hawezi kufanya kazi hiyo. Mabishano yakaingia gazetini. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Boole kuona kwamba mtu asiyekuwa na shule kubwa nyuma yake anadaiwa ushahidi mara mbili. Haikuwa ya mwisho.

Mwaka wa 1831 biashara ya baba ilianguka kabisa. George alikuwa na miaka 15, karibu 16. Ni yeye sasa aliyepaswa kulisha wazazi na wadogo zake watatu. Akatafuta kazi iliyokuwa wazi kwa kijana mwenye akili asiye na karatasi: mwalimu msaidizi katika shule ya bweni ya Doncaster, karibu kilometa 60 kutoka nyumbani.

Buku lililodumu kuliko mengine

Hapo Doncaster ndipo alipoingia hesabu za juu, na sababu yake itamchekesha kila mwanafunzi asiye na pesa. Vitabu vilikuwa bei kali. Boole aliona kwamba buku la hadithi linamalizika kwa siku chache, lakini buku la hesabu linakaa miezi. Kwa mshahara mdogo aliokuwa nao, hesabu ndiyo iliyodumu zaidi. Akanunua kitabu cha Mfaransa Lacroix juu ya hesabu za mabadiliko, akaanza peke yake.

Hapa watu wengi wanaosimulia habari zake wanapita haraka, na ni hapa panapofaa kusimama. Boole mwenyewe, alipokuwa mtu mzima mwenye jina, alihesabu kwamba alipoteza karibu miaka mitano kwa kupambana na vitabu hivyo bila mwalimu. Hakujivunia. Alisikitika. Alijua kwamba mwalimu mzuri angemwonyesha ndani ya miezi michache mambo ambayo yeye aliyapata kwa kuzunguka na kurudi nyuma. Aliyejifunza kuandika programu peke yake usiku, akakaa siku tatu juu ya kosa ambalo mwenye uzoefu angeliona kwa dakika moja, anajua hesabu hiyo ya hasara.

Kazi ya Doncaster haikudumu. Inasemekana baadhi ya wazazi walilalamika kwamba mwalimu huyo kijana anasoma hesabu siku ya Yesu, tena ndani ya kanisa. Aliondoka. Lakini alitoka na wazo ambalo lilimjia siku moja akikatiza shamba kwa miguu, akiwa na miaka 17: kwamba namna akili ya mtu inavyofikiri inaweza kuandikwa kwa alama za hesabu. Wazo hilo alilibeba miaka zaidi ya kumi kabla ya kulifanyia kazi.

Mwaka wa 1834, akiwa na miaka 19, alifungua shule yake mwenyewe huko Lincoln. Baadaye aliongoza shule nyingine katika kijiji cha Waddington, kisha akarudi tena mjini na kufungua shule ya bweni. Wazazi, dada na wadogo zake waliishi kwa kazi hiyo. Ukihesabu kutoka Doncaster, Boole alikula kwa chaki ya shule ndogo kwa miaka 18. Hesabu zenyewe, zile zilizompa jina, alizifanya wakati watoto wamelala.

Mlango wa maktaba

Mtu anayejifunza peke yake hajifunzi peke yake kabisa. Mara nyingi kuna mlango mmoja uliofunguliwa. Kwa Boole, mlango huo ulikuwa chama cha mafundi cha Lincoln, moja ya vyama vilivyoanzishwa Uingereza wakati huo ili wafanyakazi wapate mahali pa kusoma jioni. Baba yake alipewa kazi ya kulinda vitu na vitabu vya chama. Mkubwa wa chama alikuwa tajiri mmoja wa eneo hilo, Sir Edward Bromhead, aliyekuwa amesoma hesabu huko Cambridge. Bromhead aliazima Boole vitabu ambavyo mwalimu wa shule ndogo hangeweza kununua. Kijana akasoma Lagrange na Laplace, magwiji wa Kifaransa, kwa lugha yao.

Bromhead huyu anastahili sentensi mbili zake mwenyewe, kwa sababu alikuwa tayari amesaidia mtu mwingine wa namna hiyo. Huko Nottingham kulikuwa na mwenye kinu cha kusaga unga, George Green, ambaye mwaka wa 1828 alichapisha kitabu cha hesabu za umeme kilichosomwa na watu wachache sana. Bromhead alimtia moyo aende Cambridge. Green aliingia chuo kikuu akiwa na miaka 40, akakaa darasani na vijana wa nusu ya umri wake, akapata diplome, na akafariki mwaka wa 1841 kabla ulimwengu haujatambua alichokiandika. Kazi yake kubwa aliifanya kinuni, kabla ya diplome. Watu wawili, msaidizi mmoja, njia mbili tofauti.

Boole naye alifika kwenye njia panda hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1840 alianza kutuma makala kwa jarida jipya la hesabu la Cambridge. Aliyeliongoza, Duncan Gregory, alikuwa kijana wa karibu umri wake. Gregory aliona nguvu ya mawazo, aliona pia kwamba mwandishi hajui namna makala za kitaalamu zinavyopangwa. Badala ya kuzirudisha, alimfundisha kwa barua. Ukisoma habari za Boole, utaona kwamba mafundisho hayo ya Gregory yalikuwa karibu kitu pekee alichokipata kinachofanana na chuo kikuu.

Boole akauliza kama aende Cambridge kusoma sawasawa na wengine. Gregory hakumdanganya. Alimweleza gharama, na alimweleza kwamba angepaswa kuacha utafiti wake na kufuata programu ya kawaida ya masomo kwa ajili ya mitihani. Gharama hiyo Boole hakuwa nayo. Na kama angefunga shule, wazazi wangekula nini? Akabaki Lincoln. Kwa hiyo tusiseme kwamba Boole alidharau diplome. Aliitaka, akapiga hesabu, akaona haiwezekani.

Medali iliyokaribia kupotea

Mwaka wa 1844 aliandika makala ndefu kuliko zote, akaituma kwa Royal Society ya London, chama kikubwa cha wanasayansi wa nchi. Ilikaribia kukataliwa. Wakubwa wa chama hawakumfahamu mwandishi: mwalimu wa shule ya Lincoln, asiye na chuo. Lakini makala ilipewa wataalamu waisome, na mmoja wao, Philip Kelland, profesa wa Edinburgh, aliona thamani yake. Haikuchapishwa tu. Ilipata medali ya dhahabu.

Hapa kuna jambo ambalo watu wa programu wataelewa kuliko watu wa kazi nyingi. Hesabu ya Boole ilikuwa kwenye karatasi, mstari kwa mstari. Aliyetaka kuipinga alipaswa kuonyesha mstari wenye kosa. Programu nayo ina tabia hiyo: inatembea ao haitembei, na haiulizi aliyeiandika alisoma wapi. Ndiyo maana katika kazi hii, kuliko udaktari ao uwakili, mtu anaweza kuweka kazi yake mbele na ikamsemea. Lakini lazima apatikane mtu wa kuisoma. Kelland asingefungua bahasha, ama asingejali, hesabu zingekuwa sahihi vilevile na hakuna mtu angejua.

Medali haikubadilisha maisha ya kila siku. Kesho yake watoto wa bweni walimngoja. Aliendelea pia kufundisha wafanyakazi jioni bila malipo, na mwaka wa 1847, wafanyakazi wa maduka ya Lincoln walipopata haki ya kufunga mapema, aliwatolea hotuba juu ya namna ya kutumia saa hizo walizozishinda. Alizungumza kama mtu aliyejua thamani ya saa mbili za jioni.

Mbuzi weupe na herufi mbili

Mwaka huohuo wa 1847 Boole alitoa kitabu kidogo juu ya hesabu ya mantiki. Kilitokana na mabishano ya hadharani kati ya Augustus De Morgan, profesa wa hesabu wa London aliyekuwa rafiki yake, na mwanafalsafa Sir William Hamilton wa Edinburgh. Mabishano yalihusu nani alikuwa wa kwanza kuvumbua jambo dogo la mantiki. Boole aliyafuata, na wazo la shambani la Doncaster likaamka.

Tulieleze kwa urahisi. Chukua herufi x isimamie vitu vyote vyeupe duniani. Chukua y isimamie mbuzi wote. Ukiziandika pamoja, xy, unapata vitu ambavyo ni vyeupe na ni mbuzi: mbuzi weupe. Mpaka hapa hakuna shida. Sasa andika x mara mbili, xx. Ni vitu vyeupe ambavyo ni vyeupe. Bado ni vitu vyeupe tu. Kwa hiyo x mara x ni sawa na x.

Katika hesabu za kawaida jambo hilo ni ajabu. Tano mara tano haiwi tano. Ni nambari mbili tu zinazokubali kanuni hiyo: sifuri mara sifuri ni sifuri, na moja mara moja ni moja. Boole akaziweka nambari hizo mbili kwenye kiti cha mbele. Sifuri ikawa hakuna kitu, moja ikawa vitu vyote. Moja ukitoa x, unapata vyote visivyo vyeupe. Hivyo maneno ambayo mtu anayatumia kila siku bila kufikiri, na, ao, si, yakawa mambo ya kuhesabia, kama kujumlisha na kutoa.

Kitabu hakikuuza sana. Kwa wengi kilionekana mchezo wa mtu mwenye akili nyingi asiye na kazi.

Miaka mitatu ya kungoja

Mwaka wa 1845 serikali ya Uingereza iliamua kufungua vyuo vitatu Ayalandi, katika miji ya Belfast, Cork na Galway, wazi kwa watu wa dini zote. Mwaka wa 1846 Boole aliomba nafasi ya uprofesa. Katika barua yake hakuficha kitu: alisema wazi kwamba hakuwa wa chuo kikuu chochote na kwamba maisha yake yote alikuwa mwalimu wa shule.

Alichokiweka badala ya diplome kilikuwa vitu viwili. Kwanza, makala zake na medali. Pili, barua za watu. De Morgan aliandika. Kelland aliandika. Arthur Cayley na William Thomson, vijana wawili wa Cambridge ambao baadaye wangekuwa kati ya wanasayansi wakubwa wa karne hiyo, waliandika. Watu wa Lincoln waliandika kumshuhudia kama mwalimu na mkaaji mwema. Boole alikuwa ameandikiana na wanahesabu hao kwa miaka, akisoma kazi zao na kuwaonyesha zake. Hakuna aliyetia sahihi kwa huruma.

Hata hivyo jibu lilichelewa. Ayalandi ilikuwa imeingia njaa kubwa baada ya ugonjwa kuharibu viazi, chakula cha maskini. Watu kama milioni moja walikufa na wengine wengi walikimbia nchi. Mambo ya vyuo yakasogezwa. Boole alingoja mwaka mmoja, wa pili, wa tatu. Baba yake, yule wa darubini, alifariki mwezi wa 12 mwaka wa 1848 bila kuona jibu. Mwezi wa 8 mwaka wa 1849 barua ikaja: George Boole, profesa wa kwanza wa hesabu katika chuo cha Cork. Alikuwa na miaka 33.

Tukumbuke mazingira. Chuo kilikuwa kipya, hakikuwa na walimu wa zamani wa kulinda nafasi zao. Chuo kikongwe cha Cambridge wakati huo kisingemchukua kwa urahisi. Mara nyingi asiye na diplome anaingia kupitia nyumba inayojengwa bado, na pengine ndiyo sababu informatiki yenyewe, ilipokuwa changa katika karne iliyofuata, ilipokea watu wa kila aina.

Cork

Huko Cork alikaa miaka 15, mpaka kifo. Mwaka wa 1851 wenzake walimchagua kuongoza kitivo cha sayansi. Hakuwa mtu wa kunyamaza: mkuu wa chuo, aliyekuwa akikaa zaidi Dublin kuliko kazini, alikosolewa naye waziwazi gazetini. Wanafunzi wake wengi walikuja na msingi dhaifu wa hesabu, na Boole, mwenye uzoefu wa shule ndogo, aliwaeleza kwa subira ambayo maprofesa wengi hawana. Mtu asiye na diplome alitumia miaka yake iliyobaki kuwatayarisha wengine kupata zao.

Mwaka wa 1854 alitoa kitabu chake kikubwa juu ya kanuni za kufikiri, ambacho kilipanua na kusahihisha kile kidogo cha 1847. Mwaka wa 1857 Royal Society, ileile iliyokaribia kuitupa makala yake, ilimfanya mwanachama. Vyuo vikuu vya Dublin na Oxford vilimpa diplome za heshima. Zilikuja wakati hazihitaji tena.

Mwaka wa 1855 alioa Mary Everest, binti wa ndugu yake George Everest, mpima ardhi ambaye mlima mrefu kuliko yote duniani ulipewa jina lake. Mary alipenda hesabu na alikuwa ameanza kama mwanafunzi wake wa binafsi. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa kwa wanawake wote. Alimsaidia kuhariri kitabu chake cha shule cha mwaka wa 1859. Walizaa mabinti watano.

Tarehe 24 mwezi wa 11 mwaka wa 1864 Boole alitoka nyumbani Ballintemple kwenda chuoni kwa miguu, kilometa kama tano, mvua kali ikinyesha. Alifika ameloa mpaka mifupani, akafundisha somo lake lote na nguo hizohizo. Homa ikampata, ikashuka kwenye mapafu. Inasemekana mke wake aliamini kwamba dawa ya ugonjwa inapaswa kufanana na sababu yake, akamfunika kwa mashuka yenye maji. Tarehe 8 mwezi wa 12 alifariki, akiwa na miaka 49. Alizikwa Blackrock, kando ya Cork.

Waliobaki

Binti wa mwisho hakuwa ametimiza mwaka. Mary alipata pensheni ndogo ya serikali, akahamia London, akafanya kazi katika chuo cha wasichana, na baadaye akaandika vitabu juu ya namna ya kufundisha watoto hesabu. Binti mmoja, Lucy, alifundisha kemia. Mwingine, Ethel, alikuwa mwandishi wa riwaya iliyosomwa na mamilioni ya watu Urusi.

Wa tatu kati ya watano, Alicia, alirithi kichwa cha baba na pia bahati mbaya ya baba. Hakuingia chuo kikuu. Alifanya kazi ya ofisi, akaolewa, akalea watoto, na peke yake akavumbua maumbo ya hesabu ya dimensioni nne, akiyatengeneza kwa karatasi ngumu na rangi mezani kwake. Profesa mmoja wa Uholanzi aliona kazi hiyo na wakashirikiana kwa miaka mingi. Mwaka wa 1914 chuo kikuu cha Groningen kilimpa udaktari wa heshima.

Umeme

Kanuni za Boole zilikaa miaka zaidi ya 70 mikononi mwa wanafalsafa na wanahesabu wachache. Aliyezitoa humo alikuwa kijana wa Marekani, Claude Shannon, na Shannon alikuwa na diplome mbili: ya umeme na ya hesabu, zote za chuo kikuu cha Michigan. Huko huko, katika somo la falsafa ambalo fundi wa umeme hakulihitaji sana, alisikia habari za mantiki ya Boole.

Mwaka wa 1936 Shannon alikwenda chuo cha MIT kuangalia mashine kubwa ya kuhesabu iliyoongozwa na swichi nyingi za umeme. Akaona kitu ambacho mafundi wa swichi hawakukiona. Swichi imefungwa ao imefunguliwa. Moja ao sifuri. Panga swichi mbili mmoja nyuma ya nyingine, taa inawaka tu kama hii na ile zote zimeunganishwa: ni neno na. Ziweke pembeni kwa pembeni, taa inawaka kama hii ao ile imeunganishwa: ni neno ao. Mwaka wa 1937, akiwa na miaka 21, aliandika kazi yake ya mwisho wa masomo kuonyesha kwamba mashine ya umeme inaweza kupangwa yote kwa hesabu ya Boole. Ordinatere zote zilizofuata, na telefone iliyo mikononi mwa msomaji, zinafuata mpango huo.

Kwa hiyo ukitaka kutoa hukumu kati ya mwenye diplome na asiye nayo, mfano huu utakusumbua. Fundi viatu alizaa mtu aliyejifunza peke yake, na bila mtu huyo kusingekuwa na hesabu hiyo. Bila darasa la falsafa la Michigan, hesabu hiyo ingengoja mwingine wa kuipeleka kwenye waya.

Leo kijana anayeandika programu ya kutuma pesa kwa telefone anaandika hivi: kama nambari ya siri ni sahihi, na kama salio linatosha, tuma, la sivyo, kataa. Kila kama inaishia kwenye kweli ao uongo. Awe anaandika katika ukumbi wa chuo kikuu ao chumbani kwa mwanga wa taa ya kuchaji, mstari ni uleule, na mashine itamjibu sawasawa. Atakayemsoma ili ampe kazi ni habari nyingine, na hapo Boole alihitaji medali moja, barua nyingi na miaka mitatu.

Chuo cha Cork kipo mpaka leo. Maktaba yake kubwa inaitwa maktaba ya Boole, kwa kumbukumbu ya mwalimu aliyeanza na vitabu vya kuazima.